MBAAZI ZA NAZI HAZINA AIBU



Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyetuoteshea katika ardhi nafaka, mizizi, matunda na mboga za kila rangi na kila ladha. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wanafunzi, wazee wetu na walezi wetu, katika jarida la mwaka huu wenzangu wameandika juu ya mitihani, kuhifadhi na adabu za chuoni. Mimi naomba ruhusa niingie jikoni. Huenda msomaji akauliza, jiko na madrasa wapi na wapi? Nitamjibu kwamba mwanafunzi anakuja hapa na tumbo alilolishwa kwao, na maneno anayoyasikia kwao juu ya chakula ndiyo anayokuja kuwaambia wenzake. Kama maneno hayo ni ya shukrani, tutayaona matunda yake hapa. Kama ni ya dharau, tutayaona pia.

Rai yangu ni hii. Chakula kilichopikwa nyumbani kwa mikono safi bila ya nyama, samaki, mayai wala maziwa ni chakula kamili na cha heshima. Kinamfaa mgeni, kinamfaa mgonjwa, kinamfaa mfungaji, na kinamliwaza mtu aliyechoka kuliko vyakula vingi vya gharama. Aibu tuliyojizulia wenyewe juu ya chakula hicho inatutia katika madeni na inatukatia udugu wetu.

NENO DOGO LENYE MADHARA

Sikilizeni tunavyozungumza. Mtoto akirudi skuli anauliza, "Mama, leo tunakula nini?" Anajibiwa, "Leo hakuna kitoweo, kuna maharagwe tu." Jirani akipita na kukaribishwa anaambiwa, "Karibu, lakini tumepika mbaazi tu." Chungu kimekaa motoni saa mbili, nazi imekunwa, tui limekamuliwa, harufu imefika mpaka barazani, kisha kazi yote hiyo inafutwa kwa neno moja: "tu".

Neno hilo si la unyenyekevu. Unyenyekevu ni mtu kujidogosha yeye mwenyewe mbele ya Mola wake, lakini kuidogosha riziki ni jambo jengine. Mtoto anayesikia "maharagwe tu" kila siku anajifunza kwamba nyumba yao imepungukiwa, hata kama sahani imejaa. Siku atakayoona nyama kwa jirani atadhani kwamba jirani ndiye aliyependwa zaidi na Mungu.

Matokeo yake tunayaona hapa hapa. Wako wanafunzi waliocheka mwenzao kwa kufungua bakuli la muhogo siku tuliyofuturu pamoja. Yuko mtoto mmoja, simtaji, ambaye Ramadhani moja hakuja kabisa katika futari ya chuo. Alipoulizwa na mwalimu wake akasema alikuwa anaumwa. Baadae ikajulikana kwamba alikuwa mzima, ila kwao siku hiyo palipikwa majimbi ya nazi, na mama yake aliona haya kuyatoa mbele ya sambusa na kuku za watu. Chuo kizima kilikosa majimbi mazuri, na yule mtoto akakosa kukaa na wenzake. Nani aliyepata faida katika jambo hilo?

Na wazee wanalijua zaidi. Ziko nyumba zinazokopa dukani ili khitma isionekane "kavu". Wako watu waliokuwa wakialikana kila Ramadhani wakaacha, kwa sababu kila mmoja anaogopa kwamba sahani yake itapimwa kwa vipande vya nyama vilivyomo. Udugu wa miaka umevunjwa na kipande cha nyama ambacho hakikuwepo.

HATUHARAMISHI HALALI

Kabla sijaendelea, nataka nieleweke vizuri. Simwambii mtu aache nyama. Nyama ni halali na ni neema, na Qur'ani katika Suratul Maida, aya ya 87, inatukataza kujiharamishia vizuri alivyotuhalalishia Mwenyezi Mungu. Mtume (S.A.W.) alikula nyama. Kuchinja siku ya Idi kubwa ni ibada inayojulikana, na kuwagawia masikini nyama ile ni katika uzuri wake. Mwenye uwezo na ale, alishe wengine, na amshukuru Mola wake.

Ninachokipinga ni kuifanya nyama kuwa kipimo cha utu. Katika mapokezi sahihi tunasoma kwamba Mtume (S.A.W.) hakuwa akikitia chakula ila. Akikipenda alikula, na asipokipenda alikiacha. Tunasoma katika Sahihi Muslim kwamba aliwauliza watu wa nyumbani kwake kitoweo, wakamwambia hawana ila siki, akaiagiza, akala nayo huku akiisifu. Angalieni mafunzo hayo! Watu wa nyumba wanaona hawana kitu, na yeye anaisifu siki mbele yao ili nyoyo zao zitulie. Tunasoma pia kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba waliletewa mchuzi wenye mung'unye na nyama iliyokaushwa, na Mtume (S.A.W.) akawa anavitafuta vipande vya mung'unye pembezoni mwa sahani. Nyama ilikuwemo, lakini mkono wake ulifuata mung'unye. Anas anasema kwamba tangu siku ile naye akaipenda.

Na Bibi Aisha (R.A.) alisimulia kwamba ilikuwa ikiandama miezi bila ya moto kuwashwa katika nyumba za Mtume (S.A.W.), na kwamba riziki yao ilikuwa tende na maji, isipokuwa majirani wa Kiansari walipowaletea maziwa. Ikiwa nyumba hizo ndizo tukufu kuliko zote, basi sisi tunaona aibu gani kwa chungu cha mbaazi?

BIBI ZETU WALIYAJUA HAYA ZAMANI

Siku hizi katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wengi wasiokula kitu chochote kinachotokana na mnyama, hata asali. Wanaitwa vegani. Jina hilo lilianza Uingereza mwaka 1944, ilipoundwa jumuiya ya watu wa namna hiyo. Wengine wanafanya hivyo kwa kuwahurumia wanyama, wengine kwa ajili ya afya, na wengine kwa ajili ya ardhi na hewa. Kila mtu na nia yake. Sisi hatuna haja ya kubeba jina hilo wala kujifunga na masharti yake. Lakini ukivitazama vyakula wanavyovitafuta katika vitabu vya mapishi, utacheka, kwa sababu nusu yake bibi yako anavipika bila ya kutazama kitabu.

Hebu tuhesabu pamoja. Mbaazi za nazi. Maharagwe ya nazi. Borohoa la choroko juu ya wali. Kisamvu kilichotwangwa na kutiwa tui. Mchicha wa nazi. Muhogo, majimbi, viazi vikuu, viazi vitamu, mashelisheli na ndizi mbivu za nazi. Boga la nazi lenye iliki. Mchuzi wa bamia na mabilingani. Bajia za kunde, bajia za dengu na kachori za viazi zilizotiwa ndimu. Urojo wa ukwaju na embe, kabla mtu hajauongezea yai na mshikaki. Tambi za sukari. Vipopoo vya asubuhi ya Idi. Mkate wa kumimina uliopikwa kwa mchele, tui na hamira bila ya yai. Maandazi yaliyokandwa kwa tui la nazi. Uji wa mchele wenye pilipili manga anaopewa mgonjwa na mzazi. Katika vyote hivyo hamna nyama, samaki, yai wala tone la maziwa. Na tusisahau kwamba hapa kwetu neno "futari" lenyewe, ukimtajia mtu, kitu cha kwanza kinachomjia ni sufuria la muhogo au majimbi ya nazi. Sambusa za nyama zimekaribishwa baadae kama wageni, na mgeni hamfukuzi mwenye nyumba.

Wala si sisi peke yetu. Misri wanakula ful, yaani baagili zilizopikwa taratibu mpaka zikalainika, na wanakula koshari, mchanganyiko wa wali, adesi, makaroni na vitunguu vilivyokaangwa. Shamu wanapika mujaddara, wali na adesi na vitunguu juu yake. Bara Hindi wana dali ya kila namna, na kutoka huko ndiko zilikotufikia bajia na kachori. Hivi si vyakula vya masikini peke yao. Ni vyakula ambavyo mtu akiwa safarini miaka mingi ndivyo anavyoviota. Muulize kijana wetu aliyekwenda kusoma ng'ambo ametamani nini siku ya kwanza ya baridi kali. Wengi watakwambia maharagwe ya nazi na mkate, au muhogo wa nazi wa mama. Na muulize aliyefiwa alichokula msibani kikamtuliza. Mara nyingi ni wali na maharagwe yaliyopikwa na majirani. Chakula kinachoingia mpaka moyoni kina dalili moja, kwamba kuna mtu aliyesimama jikoni kwa ajili yako.

JINSI YA KUPIKA MBAAZI

Maneno matupu hayajazi tumbo, kwa hivyo nitaeleza mapishi mamoja, ili mwanafunzi yeyote, wa kike na wa kiume, aweze kuyajaribu akiwa na mkubwa wake.

Kwa watu sita, chukua vikombe viwili vya mbaazi kavu. Zichague, toa mawe na zilizotobolewa na wadudu, zikoshe, kisha ziroweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, tia maji mapya, na uzichemshe mpaka ziwe laini na ukiziminya kwa vidole zinapondeka. Usitie chumvi mwanzoni, ingoje.

Wakati zinachemka, kuna nazi mbili. Kamua tui zito kwa maji ya vuguvugu kidogo, uliweke mbali. Machicha yaliyobaki yatilie tena maji kama vikombe vitatu, ukamue tui jepesi. Mbaazi zikishaiva na maji kukaribia kukauka, tia tui jepesi, kitunguu kilichokatwa, pilipili boga, bizari ya manjano kidogo, na pilipili mbuzi moja nzima usiipasue. Acha zichemke mpaka tui lipungue. Hapo sasa tia chumvi na tui zito, punguza moto, na ulichote kwa upawa na kulirudisha, ulichote na kulirudisha, bila ya kuacha mpaka lichemke, ili lisikatike. Likishachemka kidogo na kuwa zito, epua.

Kula na maandazi, au chapati, au wali. Ukipenda ladha kali kidogo, kamulia ndimu juu ya sahani yako. Zikilala, kesho yake asubuhi zinakuwa tamu zaidi, ila zihifadhiwe penye baridi na zichemshwe tena vizuri, kwani tui huchacha upesi katika joto letu.

Nawaonya kwa mambo mawili. Kwanza, maharagwe mekundu yana sumu yakiwa mabichi. Lazima yarowekwe, maji yake yamwagwe, kisha yachemke kwa moto mkali si chini ya dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Kuyaacha juu ya moto mdogo tangu mwanzo mpaka mwisho hakutoshi. Pili, kisamvu kitwangwe sawasawa na kichemshwe sana kabla ya kutiwa tui, na muhogo wa futari uwe ule mtamu, maana muhogo mchungu una sumu inayohitaji matayarisho mengine. Bibi zetu waliyajua yote haya, na ndiyo maana tunasema kwamba kupika ni elimu.

JE, CHAKULA HICHO KINATOSHA MWILINI?

Mzazi ana haki ya kuuliza, je, mtoto atakua kwa mbaazi? Jibu ni kwamba nafaka na jamii ya kunde husaidiana. Gramu 100 za mbaazi kavu zina takriban gramu 20 za protini. Kile kinachopungua katika protini ya mchele au mahindi kinapatikana katika kunde, na kile kinachopungua katika kunde kinapatikana katika mchele au mahindi. Wali na maharagwe ni watu wa nyumba moja. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2016 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa jamii ya kunde, na tangu 2019 kila tarehe 10 Februari ni siku yake duniani. Kwa hivyo unapokula choroko usidhani umeachwa nyuma na dunia.

Madini ya chuma yamo katika kunde na mboga za majani, lakini mwili huyapata kwa shida kidogo kuliko yale ya nyama. Dawa yake ni rahisi: kamulia ndimu, au kula chungwa au embe baada ya chakula, na chai uichelewishe kidogo, kwani chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kisiingie mwilini.

Lakini tuseme kweli yote. Iko vitamini moja, B12, ambayo haipatikani katika mimea. Anayekula mbaazi leo na dagaa kesho hana wasiwasi. Asiyekula kabisa kitu cha mnyama mwaka mzima lazima aipate kwa vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo, na khasa mama mjamzito na mtoto mdogo wasifanye hivyo bila ya kumuuliza daktari. Tena tusidhani kwamba kila kisicho na nyama ni afya. Tui zito lina mafuta yanayoweza kupandisha lehemu katika damu, na bajia zilizozama kwenye mafuta kila jioni ya Ramadhani si dawa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Basi siku nyengine tumia tui jepesi, pika boga au bamia kwa nyanya, na mkono wa chumvi uwe mwepesi. Suratul Aaraf, aya ya 31, imetuamrisha kula na kunywa na ikatukataza israfu, na israfu haiko kwenye nyama pekee.

MBAAZI NA MKULIMA

Kuna upande mwengine ambao wengi hatuufikirii. Mbaazi zinalimwa kwa wingi na ndugu zetu wa bara, khasa Lindi, Mtwara na Manyara, na kwa miaka mingi soko lao kubwa lilikuwa India. Agosti 2017 Serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazotoka nje. Bei ikaanguka vibaya, na wakulima wakabaki na magunia yao. Chakula kizuri namna ile kilikosa mnunuzi kwa sababu wanunuzi wa mbali walifunga mlango, na sisi wa karibu tulikuwa tumeshajifundisha kukionea haya. Simaanishi kwamba sahani zetu peke yake zingeliwaokoa wakulima wale. Nasema kwamba watu wanaokidharau chakula cha ardhi yao wanamwacha mkulima wao amtegemee mtu wa mbali.

WANAOPINGA WANASEMAJE?

Wako watakaosema kwamba mgeni lazima akirimiwe kwa nyama, na watatoa ushahidi wa Nabii Ibrahim (A.S.) aliyewaletea wageni wake ndama. Ni ushahidi mzuri, na kisa hicho kimo katika Qur'ani. Lakini Nabii Ibrahim alitoa katika mali aliyokuwa nayo. Aliharakisha, alikileta chakula karibu yao, na hakuwauliza kwanza kama wanataka. Mafunzo ya ukarimu ndiyo hayo. Hakukopa ndama. Mwenye ndama na atoe ndama, na mwenye majimbi na atoe majimbi kwa haraka ile ile na uso ule ule wa furaha.

Wengine watataja Suratul Baqara, aya ya 61, ambapo Wana wa Israili walichoka na chakula cha namna moja wakataka mboga, matango, thomu, adesi na vitunguu, wakalaumiwa kwa kubadilisha kilicho bora kwa kilicho duni. "Unaona," wataniambia, "adesi imeitwa duni." Walimu wetu wanatufundisha kwamba lawama pale ni ya kutoridhika na neema waliyoteremshiwa. Basi tuitazame hali yetu. Mtu aliyewekewa adesi za moto mbele yake akanuna kwa kuwa anamtaka kuku, ni nani katika kisa hicho?

Wengine watasema mbaazi zinakula mkaa mwingi. Hilo ni kweli, na sitolikataa, kwani mkaa ni gharama na miti yetu inakwisha. Lakini mbaazi zilizorowekwa usiku kucha huiva haraka zaidi kuliko zilizotiwa motoni kavu. Mwenye sufuria la presha atapunguza muda zaidi. Na majirani wawili wanaweza kupika chungu kimoja kikubwa wakagawana, kama tulivyofundishwa tuongeze maji katika mchuzi ili jirani naye apate.

Mwisho wako vijana wa kiume watakaosema kwamba jiko si lao. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kwamba alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani, na wakati wa sala ukifika akatoka kwenda kusali. Kijana anayeona haya kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi, amefuata mila ya nani? Mchagua nazi hupata koroma, na mchagua kazi hupata njaa.

OMBI LANGU

Kwa hayo yote, naomba mambo matatu.

La kwanza, kwa wanafunzi. Katika likizo hii kila mmoja ajifunze chakula kimoja kisicho na nyama kutoka kwa bibi, mama, shangazi au baba yake. Akiandike katika daftari, na vipimo vyake, kwani wengi wa wazee wetu wanapima kwa kiganja, na kiganja kikishaondoka duniani kipimo kimeondoka nacho. Akipike mwenyewe mara tatu mpaka akijue.

La pili, kwa walimu na kamati ya wazazi. Futari ya chuo Ramadhani ijayo, Inshaallah, vyakula vyote vipokelewe mlangoni, vipakuliwe katika masinia ya pamoja, na visitajwe vimetoka kwa nani. Sinia likae na muhogo, mbaazi, tambi, samaki na sambusa pamoja, kila mtu ale mbele yake. Asiwepo mtoto wa kuulizwa, "Nyinyi mmeleta nini?" Na asiwepo tena mama wa kumficha mwanawe ndani kwa sababu ya majimbi.

La tatu, kwa wazee wote wa nyumbani. Tuliondoeni lile neno "tu". Mtoto akiuliza tunakula nini, mwambieni, "Leo tunakula mbaazi za nazi, alhamdulillah." Halina gharama hilo wala halihitaji mkaa. Mtoto aliyelisikia hilo miaka kumi hatomcheka mwenziwe kwa bakuli lake, na akija kuwa mkubwa hatokopa ili awaridhishe watu.

Namuomba Mwenyezi Mungu atubarikie katika riziki zetu, kidogo chetu akifanye kingi, awajaze kheri wanaotupikia, na awarehemu waliotupikia wakatangulia mbele ya haki. Amin.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.